Ungempa Nani Kiatu Hiki?

Nimesikia mnayoyasema. Same si mji wa kuficha neno. Likitoka ofisini saa nne, saa sita limeshafika stendi, na jioni mtu anakupigia simu kutoka Hedaru kukuuliza kama ni kweli. Eti Mama Soli ameagwa vizuri, kwa pilau, keki na maturubai ya kukodi, halafu akapewa zawadi ya raba na kuzisema vibaya mbele ya wageni. Eti uzee umeanza kunichanganya. Eti nimwombe Meneja radhi.

Simwombi. Hilo tulimalize mapema ili msisome mpaka chini mkilitafuta.

Nawaandikia nyinyi wawili, Joel na Rehema, mliobaki kwenye chumba cha kupimia. Leo ni Alhamisi. Kesho fomu ya raba mpya italetwa mezani kwenu, na chini kabisa kuna mstari umeandikwa "Inafaa", pembeni yake nafasi ya sahihi. Mimi niliikataa fomu hiyo mara tatu, wakaona bora wanisubiri nistaafu. Jumamosi wasichana kumi na wawili wanashuka mteremko wa Mhezi kwenye mbio za kuchagua wa kwenda kambi ya mkoa. Mkisaini, watashuka na raba hizo. Msiposaini, watakimbia na zile zao za zamani, zilizochakaa lakini zinazowatosha. Ningeweza kuwaambia "msisaini" nikaenda zangu kupalilia mahindi, ila nawajua, mtauliza kwa nini. Basi kaeni niwaambie.

Nilianzia Hedaru, pembeni ya barabara kuu, kwa fundi viatu aliyeitwa Mzee Kazeni. Basi lilikuwa likisimama dakika kumi, na ndani ya dakika hizo kondakta anakurushia kiatu kilichoachia soli. Unakipiga gundi, unakipiga nyuzi, unamrushia huku basi linaondoka. Mimi nilikuwa msichana niliyeshuka kutoka Mhezi kutafuta kazi, na ujuzi wangu wote ulikuwa kusuka vikapu. Mzee Kazeni alinipa sindano na kipande cha nta, akasema, "Haya binti, kiatu ni kikapu cha mguu." Alikosea, kiatu ni kigumu zaidi, lakini nilianza.

Siku ya kwanza nilijichoma vidole vitatu. Siku ya pili akanimwagia rundo la raba za mtumba na kunikataza kushona chochote. Nizitazame tu.

"Mwenye hiki alikuwa anatembeaje?"

"Sijui, Mzee."

"Hujatazama. Kisigino kimelika wapi?"

"Upande wa nje."

"Tia mkono ndani. Mbele, juu."

Nikatia. Kitambaa kilikuwa kimetoboka pale kidole gumba kilipokuwa kikigonga.

"Basi huyo kavaa kiatu kidogo mpaka kimekufa, na hakumwambia mtu," akasema. "Mtu ukimuuliza atakujibu anavyotaka yeye. Wewe kiulize kiatu."

Sikumbuki anisifie hata siku moja. Alikuwa mkali, mbishi, na mvivu wa kuoga siku za baridi. Hedaru hakuna siku za baridi, kwa hiyo mjue kilikuwa kisingizio. Lakini kila nilichokijua kabla sijaja Same alinipa yeye, na kingine nilikijua kwa kumpuuza, kama mtakavyoona.

Kazi hii niliipata kwa ukorofi. Siku moja alisimama bwana mmoja, raba yake imefumuka ubavuni. Nikaitazama, nikamwambia, "Mzee, nikiishona nitakuwa nakuibia. Kiatu hiki si cha kwako."

"Si cha kwangu? Namba ni yangu kabisa."

"Namba ni yako. Kiatu si chako. Kimefumuka kwa sababu mguu unatafuta pa kutokea."

Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa amekodi ghala Same, anaagiza raba za kukimbilia milimani, na viwanda vya nje vinamletea mifano ya kujaribiwa kabla haijaingia dukani. Akaniambia nifike Jumatatu. Mzee Kazeni hakuniaga. Alinikabidhi ile sindano ya kwanza na kunigeuzia mgongo, na nilijua maana yake.

Mnajua kwa nini walichagua huku. Asubuhi uko tambarare, kwenye mchanga, mawe ya moto na miiba ya migunga inayotoboa soli mpaka kwenye nyama. Unapanda, na mchana uko Mhezi kwenye udongo mwekundu uliolowa, mizizi, na miteremko inayokukalisha chini bila kukuuliza. Msimu wa mvua tulizipeleka mpaka Ngujini, kule Ugweno, ambako matope yanajaza meno ya soli mpaka unatembea kama umevaa matofali. Raba ikipita huku, inapita popote. Kazi yetu ilikuwa kuwapa watu wakimbie nazo, kuwauliza, kujaza fomu. Kwa neno letu kiatu kinauzwa au kinarudishwa.

Vifaa vyangu mmevirithi. Ubao wa kupimia mguu. Mizani ya duka, ambayo juu yake tunapima raba ikiwa kavu, tunaizamisha kwenye ndoo, tunaipima tena tujue inakunywa maji kiasi gani. Na lile bao la mteremko nyuma ya ghala, nililomchongesha fundi seremala akidhani nataka kuanikia dagaa. Msiliuze lile bao. Nasikia kuna mtu anataka kuligeuza meza.

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana ndilo lililonifundisha.

Fomu ya mwanzo ilikuwa na swali moja kubwa: "Kiatu kimekukaaje?" Unajibu kwa namba, moja mpaka tano. Wajaribu wetu wengi walikuwa vijana wa Mhezi na vijiji vya jirani, watoto wa wakulima, watu wa kanisani, wenye adabu zao. Wakajibu tano. Kila kiatu, tano. Mwaka ule wa kwanza hakukuwa na raba mbaya duniani. Viwanda vilituandikia barua za furaha, na nadhani walijiuliza sisi ni watu wa namna gani, wenye miguu inayoingia kwenye kila kitu. Mimi nikajiona bingwa.

Mmoja tu ndiye aliyeniharibia fomu zangu. Alikuwa mfugaji wa tambarare, Saitoti, aliyekuja na makatambuga yake ya tairi. Nilimvisha raba mpya, akatembea nayo mpaka getini, akarudi, akaivua, akaiweka mbele yangu.

"Hiki kimenikataa," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Hapa. Na hapa. Halafu kinanuka."

Nikaandika moja, na moyoni nikasema, huyu hakulelewa. Kitu amepewa bure, anakisema hivyo!

Maana sisi wa Mhezi tulilelewa hivi: kitu cha kununua tunakisema mpaka muuzaji anatamani kuhama soko. Kitu cha kupewa hatukisemi. Unapokea kwa mikono miwili, unasema asante, kinatosha, Mungu akubariki. Mama yangu alipewa gauni lililombana kwapani, akalivaa kila Krismasi mpaka likachanika lenyewe, na kila Krismasi akamshukuru upya aliyempa. Sasa wajaribu wetu waliambiwa raba watabaki nazo. Kwa hiyo ilikuwa zawadi. Na mimi nilikuwa nawapimia uani kwao, baada ya chai, wazazi wamekaa pale pale, halafu namuuliza binti wa watu mbele ya baba yake kama zawadi ni mbaya. Angejibu nini? Mgeni angekosea hivyo ningemsamehe. Mimi nimezaliwa kule kule, na sikuliona.

Elinami mnamfahamu kama kocha. Mimi nilimfahamu akiwa na miaka kumi na saba, binti wa mkulima wa tangawizi, anashuka ule mteremko na mzigo kichwani kwa kasi ambayo wengine hawaipati mikono mitupu. Sijaona mtu anayeshuka vile, kabla yake wala baada yake. Mbio za kuchagua zilikuwa karibu, nikampelekea raba mpya nzuri. Nilimpima asubuhi, miguu ikiwa ya baridi, amekaa kwenye kigoda. Makosa mawili hayo, na la tatu ni kwamba baba yake alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Zimekukaaje?"

"Nzuri sana, Mama. Asante."

"Hazibani?"

"Hapana! Kama nimezaliwa nazo."

Tano.

Alizifanyia mazoezi wiki tatu. Siku ya mbio nilisimama kona ya mwisho, nikamwona anatokea wa kwanza, peke yake, na nikapiga kigelegele ambacho sitaki kukikumbuka. Kisha nikaona hatua zake zinabadilika. Akawa anakanyaga kwa visigino, mikono imepanuka, kama mtu anayepita juu ya makaa. Mmoja akampita. Wa pili. Alimaliza wa sita, na waliotakiwa walikuwa wanne.

Nilimkimbilia. Alikuwa amekaa kwenye nyasi anatabasamu. "Raba ni nzuri, Mama," akaniambia kabla sijamuuliza. "Ni mimi tu nilichoka."

Nikamvua mwenyewe. Soksi ilikuwa imegandia. Nilipoivuta, ukucha wa kidole gumba ulikuja nayo. Na mguu wa pili vilevile. Soli ya ndani ilikuwa imelowa damu, na Elinami akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Samahani, Mama. Nimeichafua."

Jamani. Alikuwa ananiomba radhi mimi.

Nilizichukua zile raba mpaka Hedaru, nikamwekea Mzee Kazeni magotini bila salamu. Alitia mkono ndani, mbele, juu. "Ulimuuliza mtu," akasema. Basi. Akarudi kwenye kazi yake. Nililia pale kwenye benchi mchana kweupe, watu wanashuka kwenye mabasi wananikodolea macho, na sikujali.

Elinami hakuchaguliwa tena. Kucha za mguu wa kulia ziliota, za kushoto ziliota kombo, na mwaka uliofuata walikuwapo wadogo zaidi yake. Ndiyo hivyo. Msije mkaambiwa kiatu kikibana ni jambo la kuzoea. Kilimchukulia mtu maisha aliyokuwa anayakimbilia.

Nilipanda Mhezi kumwomba msamaha. Mama yake akaniletea chai, na hiyo ilikuwa adhabu tosha, kunywa chai ya mama yule. Raba, nilizokuwa nimezirudisha kwao, zilikuwa zimeoshwa, zimewekwa mlangoni kwa heshima zote. Tukiwa tunaongea, mdogo wake Elinami, mtoto wa darasa la sita, akazivaa na kuzunguka nazo uani, mbio, anaruka mtaro, anarudi. Zimemkaa sawasawa! Hakuna hata kamba iliyolegea.

"Hizo ningempa yeye tangu siku ya kwanza," Elinami akasema taratibu. "Ila niliogopa ningeonekana nimedharau zawadi."

Niliiweka chini ile chai.

Ndipo swali letu lilipozaliwa, Joel, lile uliloniuliza siku yako ya kwanza kama ni utani. Sijamuuliza tena mtu wa milimani kiatu kimemkaaje. Namuuliza: "Ungekuwa na ruhusa ya kumpa mtu wa nyumbani kwenu, ungempa nani?" Akisema mdogo wangu, kiatu ni kidogo. Akisema baba, ni kikubwa. Akisema shangazi, muulize shangazi ana mguu gani, atakuambia ana mguu mwembamba, na hapo umejua ubavu unambana. Hajakitukana kiatu. Hajamkosea adabu mtu. Anamtakia tu mwenzake mema. Na ukimuuliza akakumbatia raba na kusema, "Simpi mtu!", hapo ndipo unapoandika inafaa. Miaka yote hiyo sikuandika inafaa bila kusikia "simpi mtu".

Na sikuacha kukiuliza kiatu. Pimeni saa kumi jioni, mtu akiwa ametembea kutwa na miguu imevimba, amesimama, na mzigo mgongoni. Pakeni masizi ya sufuria kwenye ncha ya soksi, mpandisheni kwenye bao la mteremko, vidole vikielekea chini, aruke mara kumi. Kisha vueni mtazame ndani. Masizi yakigusa mbele, kiatu kinagonga, hata akiapa kwa Biblia kwamba hakigongi. Mwenzangu katika kazi hii alikuwa sufuria. Hakunidanganya hata mara moja.

Zile tano zikaporomoka. Viwanda vikaandika kwa hasira kutuuliza mlima umepatwa na nini. Yule bwana aliyeniajiri, na hili nalisema kwa kuwa ni haki yake, aliwajibu kwamba mlima uko palepale, ila sasa umefungua mdomo.

Saitoti naye nilimtafuta mnadani kwenye ng'ombe wake, nikamwambia nilimfikiria vibaya na nimekosa. Alishangaa. "Mama," akasema, "mimi nilidhani mnataka kujua." Mpaka leo nikipanda kitandani na kukumbuka sentensi ile, najiona mjinga upya.

Mengine ya katikati nayaruka. Vyeo mtavikuta kwenye faili. Nije kwa Meneja.

Si mtu mbaya, na msiseme nimemsema hivyo. Hunisalimia shikamoo hata akiwa ameudhika. Ila amesoma kuuza, na kwenye kuuza picha ndiyo kila kitu. Raba hii mpya imeshonwa kwenye kalibu nyembamba, lile umbo la mguu wanaloshonea kiatu juu yake, kwa sababu kwenye picha inapendeza. Mbele imechongoka kama mdomo wa kuku. Namba chini imeandikwa arobaini. Nilipima, nikapaka masizi, nikapandisha watu kwenye bao. Kila soksi iliacha alama mbele na ubavuni. Nikakataa.

"Mama, wakimbiaji wote wamesema nzuri," akaniambia.

"Umewaulizaje?"

"Nimewatumia fomu kwenye simu. Wote wamenipa nyota tano."

Nyota tano! Nikajua tumerudi mwaka wa kwanza. Nikamweleza habari ya zawadi, nikamweleza habari ya Elinami. Alinisikiliza vizuri, akasema dunia imebadilika, watoto wa siku hizi wanasema wanachotaka. Mara ya pili alisema mzigo umeshafika. Mara ya tatu alitazama kalenda ukutani, pale tarehe yangu ya kustaafu ilipozungushiwa wino. Thubutu! Nikamwambia siku ipo, lakini leo bado niko kazini, na jibu ni hapana.

Basi ikafika Jumanne. Mlikuwepo, lakini hamkuwa ndani ya miguu yangu, kwa hiyo nawasimulia.

Pilau lilikuwa zuri. Hotuba zilikuwa ndefu. Wasichana walikaa mabenchi ya mbele, kila mmoja amevaa raba mpya aliyogawiwa Jumapili, wanang'aa miguuni wote kumi na wawili, Elinami amesimama nyuma yao. Binti yake, Tumaini, alikuwa ukingoni. Ana ule mteremko kwenye damu, yule mtoto. Wazee wa Mhezi walikuja na mkungu wa ndizi. Kisha Meneja akanikabidhi boksi limefungwa utepe, mpiga picha akapiga goti, na mkurugenzi aliyetoka mbali akatabasamu.

Nikafungua. Raba zenyewe. Namba yangu, arobaini.

Nilielewa palepale. Picha moja ya Mama Soli amezivaa anacheka, na hakuna atakayeuliza sahihi iko wapi. Sijui kama Meneja alipanga hivyo au alitaka tu kunifurahisha. Nimelifikiria siku mbili na bado sijui. Nilizipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante. Mdomo ulisema wenyewe, ndivyo ulivyolelewa.

"Zivae, Mama!"

Nikazivaa. Ilikuwa saa kumi jioni, nimesimama kutwa nikisalimia watu, miguu imevimba kama inavyotakiwa kwa kipimo. Nikaondoka mezani, nikapita ukingo wa maturubai, yaliyofungwa hukohuko nyuma ya ghala, nikapanda kwenye bao langu la mteremko, vidole chini. Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakadhani bibi anaaga kazi yake. Nikaruka mara moja. Vidole vikagonga. Nikaruka mara ya pili, na nikauona ule ukucha wa Elinami kwenye soksi kama vile nimeushika.

"Haya Mama, tuambie!" Meneja akaniita na kipaza sauti. "Umezipenda?"

Niwaambie ukweli, niliogopa kuliko siku yoyote ya kazi. Miaka yote hiyo, na bado kusema zawadi ya mtu ni mbaya mbele ya wageni kulinishinda. Nikajificha kwenye swali letu.

"Hizi," nikasema, "ningempa mjukuu wangu wa darasa la tano."

Joel, wewe uliziba mdomo. Rehema ukainamisha kichwa. Wazee wa Mhezi wakakohoa wote kwa pamoja kama wako kanisani. Kila aliyewahi kufanya kazi na mimi alielewa. Na Meneja akapiga makofi! "Mmesikia? Mpaka wajukuu wanazitaka!" Mkurugenzi akapiga makofi. Mpiga picha akapiga picha.

Hapo ndipo niliposhtuka. Lile swali nililojivunia lilikuwa la kumsaidia mtoto mwenye adabu aniambie ukweli mimi, ninayejua kusikia. Mbele ya mtu asiyejua kusikia lilikuwa adabu tu, ileile ya Elinami. Nimemdharau Saitoti, nimemwomba msamaha Saitoti, na siku ya mwisho kazini bado nilikuwa sijathubutu kufanya kama Saitoti.

Nikashuka kwenye bao. Nikakaa kwenye kiti changu cha heshima chenye vitambaa, nikazivua, nikaziweka juu ya meza pembeni ya keki.

"Meneja," nikasema, "zinabana. Hapa, hapa, na hapa. Ni mbaya kwa kushuka, na mtu asizivae Jumamosi."

Meneja aliweka kipaza sauti chini. Aliniinamia, akasema kwa sauti ndogo, na uso wake ulikuwa umeumia kweli, "Mama. Ni zawadi."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana hakuna mwingine atakayekuambia."

Hapo ndipo wengi walipoanza kuondoka, na nyinyi pia, kwa hiyo yanayosimuliwa mjini yanaishia hapo. Niwape yaliyobaki.

Wageni walikuwa wanakusanya mikoba. Mimi nilikuwa natafuta kandambili zangu chini ya meza, miguu mitupu, nimefura, tayari kugombana na yeyote. Nikasikia mtu anasema, "Shikamoo, Bibi."

Alikuwa Tumaini. Amesimama mbele yangu na mikono nyuma.

"Marahaba."

"Na zangu zinabana."

Alisema kwa sauti ya chini, anatazama sakafu, kama mtoto aliyevunja sahani. Elinami alikuwa nyuma yake anakunja viti. Aliacha kiti nusu.

"Tangu lini?" Elinami akauliza.

"Tangu Jumapili."

"Jumapili nilikuuliza. Meneja alikuwepo, nikakuuliza mwenyewe zimekukaaje." Akasogea karibu. "Ulinijibu nini?"

"Nilisema asante, mama."

Elinami hakumgombeza. Alipiga magoti kwenye saruji mbele ya mwanawe, akaanza kumfungua kamba.